Taa Iliyoitikia Salamu

Ukishuka kituo cha mabasi Sumbawanga na kuuliza kwa fundi Baltazari ni wapi, watu watakujibu kwa swali: "Yule wa redio?" Redio zenyewe hazimfikii tena. Kazi yake ni simu: anabadilisha vioo, anachomelea sehemu za chaji, anafufua zilizotumbukia kwenye ndoo. Wa redio alikuwa baba yake, marehemu mzee Yusto, na mtoto alirithi kibanda pamoja na jina, kama mtu anavyorithi koti la baba. Mikono imezidi, lakini baridi ya Ufipa haiulizi vipimo.

Kwenye rafu ya juu kabisa kibandani, redio ya mzee bado ipo, kubwa kama kreti ya soda. Baltazari haiuzi wala haitengenezi. Inakaa tu. Akiitazama anayaona mawe ya uani kwao, enzi zile mtaa wao wa Izia ulikuwa mashamba na nyumba chache zinazoonana kwa mbali, na juu ya mawe hayo betri zimeanikwa juani kama samaki, zipate nguvu kidogo za kusikilizia taarifa ya habari jioni. Kazi yake utotoni ilikuwa kuzigeuza. Aliamini kabisa kwamba jua huingia upande mmoja, na betri isipogeuzwa itaiva nusu. Baba yake alilijua hilo kosa na hakulisahihisha. Alimwacha ageuze.

Shule hakuifikisha mbali. Kidato cha kwanza alikigusa, mvua za mwaka ule zikaozesha maharage ya kulipia ada, akarudi kibandani kwa baba. Hajawahi kulilalamikia. Aliyesonga ni dada yake mkubwa, Lydia. Huyo alisoma, akaajiriwa, na sasa yuko Namanyere kwenye ofisi za halmashauri, anavaa viatu vinavyosikika kabla mwenyewe hajaonekana. Baltazari anaishi na mke na watoto kwenye vyumba viwili vya kupanga karibu na kibanda. Na mama yao, Tereza, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Lydia, amebaki Izia kwenye nyumba ile ile ya matofali ya kuchoma, pembeni ya mahindi yake na kipande cha ulezi anachokataa kukiacha.

Macho ya Mama Lydia yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema hospitali, arudi baadaye. Yeye alisema haoni tofauti kubwa, kwa sababu asubuhi za huku mwezi wa sita hata wenye macho wanaona ukungu. Basi alfajiri moja ya mwezi huo huo wa sita, baridi imekaza, akaamka kwenda kufungulia kuku. Alipapasa ukutani kutafuta swichi, akaikosa, akakanyaga ndoo. Alikaa sakafuni mkono umeteguka mpaka jirani yake Rozina alipokuja kuomba kaa la moto.

Lydia alipopata habari hakusubiri jioni. Alipiga simu Baltazari akiwa katikati ya kufungua simu ya mteja.

"Balta, mama namchukua."

"Unampeleka wapi?"

"Kwangu. Kuna maji ndani, kuna msichana wa kazi, kuna geti."

"Geti la nini, dada? Mama si ng'ombe."

"Wewe endelea kuchekacheka. Siku akivunjika kiuno utamchomelea kwa risasi yako ya kuungia simu?"

Baltazari alifunga kibanda mapema. Alikwenda Izia jioni ile amuulize mama mwenyewe. Mama akasema ataenda popote watoto wake watakapoona panafaa, wao ndio wenye macho. Alilisema taratibu, anachambua maharage kwa mkono ule mzima, na Baltazari angeamini kama asingetazama uani. Mtetea mwekundu hakuwepo. Yule kuku anayelala juu ya kinu, ambaye mama humsemesha kuliko anavyowasemesha wajukuu.

"Mama, mtetea yuko wapi?"

"Nimempa Rozina."

"Kwa nini?"

"Namanyere kwa Lydia kuna sakafu ya vigae, baba. Kuku atakaa wapi?"

Hakulia, wala hakuinua uso. Aliendelea na maharage. Baltazari alirudi mjini kwa miguu siku hiyo, njia nzima, na pikipiki zilizompigia honi hakuzijibu. Aliona mambo yatakavyokwenda. Leo mtetea, kesho mbegu za ulezi, kesho kutwa kinu, na mwisho wake nyumba ile yenye mawe ya kuanikia betri itakuwa ya mpangaji.

Akampigia dada. "Nipe mpaka likizo yako ya mwezi wa nane. Nitaweka kitu mle ndani. Mama akihitaji taa, itawaka bila kutafuta swichi. Akianguka, utajua wewe kabla sijajua mimi."

"Kitu gani?"

"Utaona."

"Sawa. Lakini Balta, kikinidanganya hata mara moja, nakuja na gari nabeba mama na vyombo vyake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kitu chenyewe kilikuja kupitia kwa Asajile, Mnyakyusa mwenye kibanda cha pili, anayeuza makava na spika na kufuata mzigo Mbeya. Kilikuwa kompyuta nzima kwenye bodi moja, ukubwa wake kama kitambulisho, haina kioo wala vitufe, pini zimesimama ubavuni kama meno ya kitana. Asajile aliigeuzageuza mkononi.

"Fundi, hii ndiyo kompyuta? Nyama iko wapi? Umeletewa mfupa."

"Nyama tunaweka sisi," Baltazari akasema.

Alijifunzia kwenye video za simu. Kiingereza cha mle ndani kilimpita kama basi la Mpanda, lakini maneno hakuyahitaji sana, alitazama mikono. Waya mwekundu umeenda wapi, mweusi umeenda wapi, mfundishaji kasita wapi. Kwa namna hiyo alichomelea sensa ya sauti, kidude chenye sikio dogo la duara, akakielekeza kwenye pini moja. Mpango wake ulikuwa rahisi. Mama akipiga makofi mawili, taa iwake. Akipiga tena mawili, izime. Akipiga mfululizo, kama mtu aliye chini anayeita, kompyuta iiambie modemu, kidude chenye laini ya simu, itume meseji kwa Lydia na kwa Baltazari: MAMA ANAITA.

Kofi kwa nini? Kwa sababu mkono uliopapasa ukakosa swichi hauwezi kuukosa mkono mwenzake. Alijisifu sana kwa wazo hilo.

Sensa ilitii mara moja. Modemu ndiyo iliyomtoa jasho. Modemu na kompyuta huzungumza kwa nyaya mbili, mmoja wa kusema na mmoja wa kusikia. Baltazari aliunganisha kusema kwa kusema, kusikia kwa kusikia, kama mtu anayepanga viatu jozi kwa jozi. Ikawa kimya. Alipima umeme, upo. Alibadilisha laini, kimya. Mpaka alipoirudia video na kuona mikono ya yule mtu inapishanisha nyaya ndipo akapiga paja. Kusema kwa huyu lazima kuingie kwenye kusikia kwa yule!

"Kwa hiyo kabla ya hapo ilikuwaje?" Asajile aliuliza.

"Wote wawili walikuwa wanasema, na wote wawili walikuwa wanasikiliza mahali pasipo na mtu."

"Ah, hicho ni kikao cha ukoo wetu kabisa."

Alipopishanisha, modemu ikajibu, lakini ilijibu takataka. Kwenye kioo alichoazima zilitoka alama za kuulizia, vijisanduku, nukta, kama mtu anayezungumza mdomo umejaa ugali wa moto. Tatizo lilikuwa kasi. Mmoja alikuwa anatoa maneno haraka, mwingine anapokea polepole, kwa hiyo kila herufi ilikatwa katikati.

Na hapo, ameinama juu ya bodi, Baltazari akamkumbuka baba yake. Si baba wa redio, baba wa uani. Mzee Yusto aliwafundisha wanawe kusalimia Kifipa, kwa kuchutama, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti itoke nzito, makofi ya taratibu. Balta mdogo alikuwa na pupa. Alichutama mbele ya wageni akipiga papapapa kama anayefukuza ndege kwenye ulezi, na mzee alimshika mikono yote miwili. "Pole pole. Piga, acha nafasi. Mkubwa atakuitikia kwenye hiyo nafasi. Ukiijaza yote wewe, yeye atakujibu wapi?" Wageni walicheka. Lydia alicheka kuliko wote, kwa sababu yeye makofi yake yalikuwa mazuri, mtaa mzima ulimsifu.

Alitabasamu peke yake. Akashusha kasi ya kompyuta ilingane na ya modemu, akatuma neno, na modemu ikarudisha jibu safi, herufi mbili tu: OK. Halafu ilipojaribu kutuma meseji yenyewe kompyuta ikazimika, kwa kuwa modemu inapopiga mtandao hunywa umeme kwa mkupuo. Hilo alilimaliza kwa betri ya pikipiki na sola ndogo. Simu yake ikatetemeka mezani. MAMA ANAITA.

Asajile alisimama akacheza.

Alikipima kitu kile kibandani wiki nzima. Malori yalipita, bodaboda zilipita na miziki yao, wahubiri wa spika walipita, Asajile alipiga chafya zake zinazotikisa kabati. Hakikudanganyika. Makofi tu. Vijana walikuja, "Mambo vipi, fundi?" "Poa, mshikaji," na taa haikushtuka. Baltazari aliridhika. Angewezaje kujua kwamba amekipimia mahali ambapo watu wameacha kupiga makofi?

Jumamosi alikifunga Izia, sikio la sensa juu ya dirisha la sebuleni ambako mama hukaa, taa katikati ya dari. Mama alisogea akaligusa boksi kwa ncha za vidole.

"Nikipiga makofi kinafanyaje?"

"Kinawasha taa, mama."

"Kinaitikia, basi."

"Kinawasha taa tu."

"Mtu akipigiwa makofi akafanya kitu, ameitikia," mama alisema, na akakunja viganja akapiga mawili, taratibu, kwa heshima, kama anayemsalimu paroko. Taa ikawaka. Aliinua uso kuelekea mwanga, huo hata macho yake yaliuona, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Baltazari naye alicheka. Alikusanya vyombo vyake akaondoka. Neno lile la kuitikia alikuwa amelisikia kwa sikio moja.

Jumapili Mama Lydia huwahi misa ya kwanza, Baltazari na familia huenda ya pili, na Baltazari huzima simu tangu mlangoni. Hubiri lilikuwa refu. Alipotoka nje na kuiwasha, simu ilianza kutetemeka na haikuacha. MAMA ANAITA. MAMA ANAITA. MAMA ANAITA. Zilishuka kama mvua ya mawe, moja juu ya nyingine, na katikati yake simu za Lydia ambazo hazikupokelewa, na mwishoni meseji ya Lydia mwenyewe: "Balta uko wapi. Nimekodi gari. Nakuja."

Hakumuaga mtu. Alimkamata bodaboda wa kwanza. Njia nzima ya Izia upepo ulimpiga usoni, na yeye alimwona mama amelala sakafuni tangu misa ya kwanza, anapiga makofi mpaka viganja vimechubuka, na watoto wake mmoja yuko mbali na mwingine yuko kanisani kazima simu.

Uani alikuta kandambili zimejaa mlangoni.

Viatu vingi mlangoni kwa mtu mzee ni habari ya aina moja. Alijikaza akaingia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kitambaa kipya kichwani, uso unang'aa. Mbele yake wanawake wa mtaa walikuwa wamechutama na mavazi yao ya misa, na Rozina, jirani, alikuwa mbele kama kiongozi wa kwaya. "Haya, Mama Evodia, zamu yako. Usikimbilie." Mama Evodia akakunja viganja, akapiga. Taa ikawaka. Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Mama Lydia akaitikia salamu kama inavyotakiwa, kwa makofi yake ya polepole. Taa ikazima.

"Inakwenda kulala!" mtu akapiga kelele.

"Baltazari huyo!" Rozina aligeuka. "Karibu, fundi. Taa yako ina adabu kuliko vijana wa siku hizi. Haijamwacha mtu hata mmoja bila kuitikia."

Baltazari alisimama mlangoni kichwa kimejaa moshi. Kila salamu ni makofi. Na jibu la kila salamu ni makofi. Na watu wakiwa wengi, makofi yanaungana na kuwa mfululizo, na mfululizo ni meseji. Rozina alipita asubuhi kusalimia kama kawaida yake, taa ikawaka, akatoka na habari mtaa mzima: kwa Mama Lydia kuna taa inayopokea salamu. Baada ya misa wakaja wote. Wengine, wakishamsalimu mwenye nyumba, walikuwa wamegeuka wakaisalimu na taa yenyewe, wasije wakaonekana wabaguzi.

Mfipa gani huyu, alijiuliza, aliyeketi wiki nzima kufikiria makofi na asikumbuke salamu?

Alijaribu kumpigia Lydia. Hapatikani, yuko njiani mahali mtandao unapokatika. Alipotaka kuchomoa waya mama alimzuia.

"Acha. Watu wanafurahi."

"Mama, dada anakuja. Anajua umeanguka."

"Nani kamwambia?"

"Hiki."

Mama aligeuza uso kuelekea boksi, akalifikiria. "Kumbe kina umbea," akasema.

Wageni walipungua taratibu, kila mmoja kwa kuaga, na kuaga nako kuna makofi. Rozina tu ndiye aliyebaki, akisema anasubiri aone mwisho. Gari lilisikika kabla saa za chakula hazijapita. Mlango wa Noah ulifunguka kwa kishindo, halafu viatu, ko, ko, ko, kwenye mawe yale yale ya betri. Lydia aliingia bila hodi. Kilemba kilikuwa kimelegea, macho mekundu. Alipomwona mama ameshika kikombe cha chai, alishikilia fremu ya mlango.

"Uko mzima?"

"Mzima, mwanangu. Karibu. Mbona unahema?"

Lydia alimgeukia mdogo wake, na Baltazari aliona kwamba hasira ilikuwa bado iko mbali, imetanguliwa na kitu kingine. "Njia nzima nilikuwa namlilia mama," alisema polepole. "Njia nzima, Balta. Kila nikisema sasa zimekwisha, inaingia nyingine. Nikasema huyu mtu anakufa huku anapiga makofi na mimi niko njiani huko Chala naangalia miti. Tulielewana nini mimi na wewe?"

"Kikikudanganya hata mara moja."

"Mara moja! Dereva wa Noah alifika mahali akaniambia, mama, zima hiyo simu, unaniogopesha." Akavuta pumzi. "Dereva yuko nje. Mama, tukusanye nguo."

Baltazari alikuwa amekosa haki ya kusema. Mama Lydia aliweka kikombe chini, akakaa akitazama mikono yake. Na Rozina, ambaye kukaa kimya kwake ni ugonjwa, alisogea katikati ya sebule akachutama mbele ya Lydia.

"Lydia, wewe umetoka safari, na mimi sijakusalimu," alisema, akapiga makofi.

Taa ikawaka juu ya kichwa cha Lydia. Kwa mazoea Mama Lydia akaitikia kutoka kwenye kiti chake. Ikazima. Rozina akamalizia salamu. Ikawaka. Mkoba wa Lydia ukatetemeka.

Alitoa simu, akaitazama. MAMA ANAITA. Alimtazama Rozina, akaitazama taa, kisha boksi lililo juu ya dirisha lenye kisikio chake. Unaweza kusema alisoma jambo zima hapo kwenye hewa.

"Ina maana..." alisema. "Asubuhi yote ile. Zile meseji zote."

"Ilikuwa watu," Baltazari akasema. "Kila meseji ilikuwa mtu."

Lydia alivua kiatu kimoja, halafu cha pili, akakaa kwenye mkeka pale chini kama ambavyo hajakaa kwa miaka. Alikuwa anacheka, lakini si cheko la kuendelea. Lilikatika katikati.

"Geti langu lina kengele," alisema. "Nzuri, inaimba. Tangu niiweke, anayeibonyeza ni muuza samaki wa migebuka. Na yeye nikimwambia leo sitaki, anakaa wiki mbili hajarudi."

Nje dereva alipiga honi ndogo ya adabu.

"Lakini Balta," Lydia akajipanga tena, na kweli hapo alikuwa na haki, "alianguka alfajiri. Alfajiri hao wote wamelala. Makofi ya saa nne yamsaidie nini?"

"Hilo sijui," Baltazari akakiri. "Nilidhani akiita tutasikia. Sasa hapa kuna kuita kila saa. Hakiwezi kutofautisha."

Ndipo mama, ambaye wote walikuwa wakizungumza juu yake kama gunia, akakohoa kidogo.

"Nyie watoto mnaogopa makelele," alisema. "Siku nilipoanguka sikuita. Nilikaa kimya, nilikuwa naona aibu. Aliyenikuta ni Rozina, na alinikuta kwa sababu alisalimu mlangoni sikumwitikia. Si ndivyo, Rozina?"

"Ndivyo. Nilipiga, nikaacha nafasi, nafasi ikabaki tupu. Nikasema hapa pana jambo, nikasukuma mlango."

"Basi. Hapa pakiwa na makofi, mimi ni mzima. Siku mtakaposikia kimya, ndiyo mkodi magari."

Baltazari alimtazama mama yake, halafu akaangalia nyaya zake mbili, wa kusema na wa kusikia, na akaona alivyozipanga kinyume tena, safari hii si kwenye bodi. Alikiwekea kitu kile woga wa sauti katika nyumba ambayo sauti ndiyo uhai wake. Alizima taa, akatoa simu, akaiunganisha na ile kompyuta, akachutama ukutani pale pale na kuanza kuandika upya. Asubuhi makofi yasikike na yaitikiwe. Yakisikika, kimya, hakuna meseji. Jua likipanda juu ya mahindi hayajasikika, au yamesikika ya mlangoni tu bila jibu, itume kwa wote wawili, na kwa Rozina pia. Taa ya alfajiri ataipa sensa nyingine, ya mwendo, chini ya kitanda. Miguu ikishuka, iwake yenyewe. Hiyo anayo kibandani, ataileta kabla ya jua kuzama.

"Na jioni," Lydia akasema kutoka mkekani, "iniletee meseji moja. Moja tu."

"Iandike nini?"

Alifikiri. "Wamesalimia."

Baltazari aliandika.

Lydia alitoka pekupeku mpaka kwenye gari, akazungumza na dereva, akarudi. "Nimemwambia anisubiri mimi, si mizigo. Likizo ya mwezi wa nane nakuja kulala hapa, nione mwenyewe hiyo ya kitandani inavyofanya kazi. Ikiwaka kila siku, neno la Namanyere limekwisha. Na hospitali ya macho tutakwenda wote, mama, hilo halina majadiliano."

Mama Lydia hakushukuru wala hakushangilia. Aligeuza uso upande alikosikia pumzi ya jirani yake.

"Rozina, yule mtetea wangu."

"Eh, Mama Lydia, ameshaanza kutaga kwangu."

"Mayai kula. Kuku rudisha."

"Na alivyozoea!"

"Atasahau. Ana akili ya kuku."

Rozina alitoka akilalamika kwa furaha, na muda si mrefu mtetea mwekundu aliachiliwa uani, akatembea moja kwa moja, bila kuuliza, mpaka kwenye kinu.

Jua lilikuwa limeanza kulala na upepo umepata makali Lydia alipovaa viatu vyake kuondoka. Alifika mlangoni, akasita. Akaweka mkoba chini. Akavua tena viatu, akakusanya sketi yake ya kanisani, akachutama mbele ya mama yake, akakunja viganja. Baltazari, aliyekuwa amesharudi na sensa ya mwendo, alisahau alichokuwa anachomelea. Mara ya mwisho alipomwona dada yake hivyo, baba alikuwa hai na redio inasoma habari.

Lydia akapiga. Mikono ilikuwa imesahau, yalitoka membamba na ya haraka, papapa, kama ya ofisini wanapomkaribisha mgeni rasmi.

Taa ilibaki imezima. Hata sensa haikumwelewa.

"Pupa hiyo umemwambukiza dada yako, Balta?" mama akasema, na kicheko kimemjaa kooni. "Polepole, mwanangu. Piga, halafu acha nafasi. Nitakuitikia wapi?"

Lydia alitulia. Akavuta pumzi, akakunja viganja zaidi, akapiga mawili, mazito, taratibu. Taa ikawaka. Akaacha nafasi. Na katika nafasi ile mama yake akaitikia, taa ikazima, wakabaki kwenye mwanga wa mwisho wa dirishani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuiwasha tena.